Swali la Mpemba na Heshima ya Kupima

Desturi ya watu ni kumpima mwanachuoni kwa ngazi alizozipanda. Huulizwa alisoma wapi, alitunukiwa shahada gani, alifundisha katika chuo kipi, na vitabu vyake ni vingapi. Kipimo hiki si kibaya, maana ngazi za elimu hazipandwi kwa uvivu. Lakini si kipimo kamili. Yapo maandishi katika elimu ya fizikia ambayo hayazidi kurasa nne, na mmoja wa watungaji wake wawili hakuwa na shahada hata moja siku yalipochapishwa. Hata hivyo jina lake hutajwa leo na wataalamu wa fizikia katika nchi nyingi za dunia, na wengi wao hawajapata kuiona Afrika ya Mashariki. Mtungaji huyo ni Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwenzake alikuwa Denis Osborne, Mwingereza aliyefundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, linalosomwa na walimu wa somo hilo, nayo ilipewa jina la neno moja la Kiingereza, linaloweza kuwa na maana ya ubaridi au ya utulivu, na mbele ya neno hilo ikawekwa alama ya kuuliza: "Cool?"

Nia ya insha hii ni kuihakiki makala hiyo. Kuhakiki si kusifu tu wala si kulaumu tu. Ni kuyaweka maandishi katika mizani, tukaona yana uzito gani na upungufu gani. Kazi hii inakuhusu wewe msomaji, hasa ikiwa unasomea Mashimoni kule Kibera, au Kawangware, au mtaa wowote ambako maji hununuliwa kwa mtungi na barafu huuzwa kwa watoto wakati wa jua kali. Jambo linalozungumzwa katika makala ile halikuanza katika maabara yenye vyombo vya thamani. Lilianza kwa maziwa, sukari, na ugomvi wa nafasi ndani ya jokofu la shule.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: walinunua maziwa, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi zilikuwa chache na wanafunzi wengi. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, akamwona mwenzake akiharakisha kuweka maziwa yasiyochemshwa ili asikose trei. Mpemba akaona kwamba akingoja ya kwake yapoe, trei ya mwisho itamponyoka. Basi akayatia yakiwa moto vile vile, ingawa alijua kuwa huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Alipokuwa likizoni mjini Tanga alimwuliza rafiki yake mmoja aliyetengeneza na kuuza aiskrimu, akaambiwa kwamba yeye huitia ikiwa moto kwa sababu hivyo huganda upesi. Baadaye aliingia shule ya juu ya Mkwawa, Iringa, na darasa lake lilipofundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena swali lake. Mwalimu huyo naye alimkatalia, na alipobanwa kwa maswali alisema kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu wenziwe waliita kosa lile kuwa ni hesabu ya Mpemba. Siku moja alipata nafasi katika maabara ya biolojia, akajaribu kwa maji, moja ya moto na moja ya baridi, akaona barafu nyingi zaidi katika yale yaliyokuwa moto. Kisha Osborne akaja shuleni kutoa hotuba, na wanafunzi wakaruhusiwa kumwuliza maswali. Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, yaliyo sawa kwa kiasi na katika vyombo vinavyofanana, yakitiwa katika jokofu, kwa nini yaliyokuwa moto huganda kwanza? Wenziwe waliona haya kwa ajili yake. Mgeni akatabasamu, akamwuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo; na alipoambiwa ndiyo, akakiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam.

Hayo ndiyo yaliyomo katika sehemu ya Mpemba. Tuitazame sasa kama maandishi. Sifa yake ya kwanza ni unyofu. Mtungaji anataja jina lake, kisha anasema waziwazi kwamba ugunduzi wake ulitokana na kulitumia jokofu isivyopaswa. Mwandishi mwenye majivuno angeanza na kanuni kubwa kubwa. Huyu ameanza na kosa lake, na kwa hiyo msomaji humwamini mara moja. Sifa ya pili ni adabu. Walimu waliomdhihaki hakuwataja majina. Ameyaeleza maneno yao, akayaacha yajihukumu yenyewe. Mtu aliyechekwa mbele ya darasa lake, kisha akapewa kurasa za jarida la Uingereza, angeweza kulipiza kisasi kwa sentensi moja, Mpemba hakulipiza. Sifa ya tatu ni mpango. Kila hatua ya kisa inaongeza shahidi: kwanza macho yake mwenyewe, pili mwuza aiskrimu, tatu maji katika maabara, nne mgeni msomi. Hivyo ndivyo hoja inavyojengwa, jiwe juu ya jiwe.

Walakini, mhakiki asikubali uzuri wa hadithi umfumbe macho. Jaribio la kwanza la Mpemba lina upungufu mkubwa. Maziwa yake yalikuwa moto, tena yalikuwa yamechemshwa. Ya mwenzake yalikuwa baridi, tena hayakuchemshwa. Basi yalitofautiana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Nani ajuaye kama kilicholeta tofauti ni joto, au ni kule kuchemka? Isitoshe, hatuelezwi kama kiasi cha maziwa kilikuwa sawa, wala kama trei moja haikukaa mahali penye ubaridi zaidi ya nyingine. Mambo haya si lawama kwa kijana aliyekuwa akitafuta aiskrimu, maana hakukusudia kufanya jaribio. Lakini msomaji anayesema kwamba siku ile ya maziwa ilithibitisha jambo, amesema zaidi ya alilosema Mpemba mwenyewe. Siku ile ilizaa swali, na kuthibitisha ni kazi nyingine.

Sehemu ya pili ya makala ni ya Osborne, na lugha yake hubadilika. Kisa kinakoma, vipimo vinaanza. Osborne anaeleza kwamba alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu swali la kijana. Fundi akaleta habari kwamba ni kweli, maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda. Kisha akaongeza kwamba watalirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Hapa kila msomaji hucheka, lakini kicheko hicho kina mwiba ndani yake. Fundi yule alikuwa mtu mwaminifu: aliona, akaeleza alichokiona. Hata hivyo moyoni alikuwa na jibu kabla ya kuona, na jibu hilo lilikuwa na nguvu kuliko macho yake. Wangapi kati yetu si mafundi wa namna hiyo? Mwanafunzi hulifuta alilolipima na kuandika lililo kitabuni, kwa kuogopa kukosa alama. Na mwalimu humpa alama, kwa kuwa naye hutazama kitabu kuliko kipimo.

Osborne na wenziwe waliweka maji, mililita 70 kwa kila jaribio, katika vyombo vya kioo vya mililita 100, wakavitia katika jokofu la kawaida la nyumbani, juu ya bamba jepesi lisilopitisha joto. Bamba hilo halikuwekwa bure. Watu wengine hudhani kwamba chombo cha moto huyeyusha ukoga wa barafu chini yake, kikagusana vyema na ubaridi wa jokofu, na hiyo ndiyo siri yenyewe. Kwa kuweka bamba, Osborne aliifunga njia hiyo. Kisha alitazama saa ngapi barafu inaanza kuonekana. Maji yaliyokawia kuliko yote ni yale yaliyoanza katika nyuzi 25 hivi. Yaliyoanza katika nyuzi 90 hivi yalitangulia kwa muda mwingi. Alichunguza pia kama maji yamepungua kwa mvuke, akaona upungufu huo ni mdogo mno kuwa sababu ya kutosha. Aliangalia suala la hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, akaona halitoshi nalo. Mwishowe alionyesha kwamba joto jingi katika vyombo vyake lilitoka kwa juu, katika uso wa maji. Uso ulipofunikwa kwa utando wa mafuta, kuganda kulikawia kwa saa kadhaa. Maji yaliyoanza yakiwa moto hubaki na uso ulio na joto kuliko sehemu ya chini, kwa sababu ya mikondo inayozunguka ndani yake, na uso huo hutoa joto kwa wingi.

Ili uelewe kwa nini swali la Mpemba lilionekana upuuzi, fikiri habari ya safari. Basi moja linatoka Mombasa kwenda Nairobi. Jingine linatoka Voi kwenda huko huko. Yameondoka wakati mmoja, na yanakwenda kwa sheria moja ya mwendo. Mtu mwenye akili atasema kwamba basi la Mombasa halina budi kupita Voi, na likifika Voi litabakiwa na safari ile ile aliyokuwa nayo mwenzake, basi haliwezi kutangulia. Hoja hiyo ni safi. Ndiyo hoja ya walimu wa Mpemba: maji ya nyuzi 100 hayana budi kupita nyuzi 35, na yakifika hapo yatakuwa sawa na yale yaliyoanzia hapo. Lakini itazame tena. Hoja inasema kwamba basi la Mombasa likifika Voi ni sawa na basi lililoanzia Voi. Je, ni sawa? Huenda njiani limeshusha abiria wengi na mizigo mizito. Huenda injini yake imekwisha kupata moto, ilhali la Voi limelala usiku kucha. Mahali ni pamoja, hali si moja. Vivyo hivyo maji yaliyopoa kutoka nyuzi 100 hadi 35 yanaweza kuwa na mikondo ndani yake, na hewa kidogo, na uso wenye joto kuliko chini. Na maji yaliyoanzia nyuzi 35 yasiwe na mambo hayo. Kipimajoto kinasema neno moja, na kitu chenyewe kina mengi ya kusema. Hili ni fundisho kubwa katika elimu ya vitu yabisi na vimiminika: hali ya kitu chenye chembe nyingi mno haimalizwi na nambari moja.

Sasa tuipime sehemu ya Osborne kama tulivyoipima ya Mpemba. Upungufu wake wa kwanza umo katika neno kuganda. Mpemba aliangalia maziwa yaliyokuwa yamekwisha kuganda. Osborne alipima wakati barafu inapoanza. Haya ni mambo mawili. Maji hayagandi mara yanapofika nyuzi 0. Mara nyingi hushuka chini ya hapo yakiwa bado maji, kisha barafu ikaanza kwa ghafula. Chombo kimoja kikiwa na chembe ndogo ya uchafu, au mkwaruzo katika kioo, kinaweza kuanza mapema kuliko kingine kwa sababu hiyo tu. Upungufu wa pili ni chombo chenyewe cha kupoza. Jokofu la nyumbani huzimika na kuwaka, na ubaridi wake hauko sawa kila pembe. Osborne hakujidai kuwa amemaliza kazi. Alieleza kwamba majaribio mengine yanahitajika, na alama ya kuuliza katika jina la makala inathibitisha moyo huo. Sifa iliyo kubwa zaidi ni kwamba alionya juu ya hatari ya kuifundisha fizikia kwa amri, kana kwamba ni sheria za mfalme zisizoulizwa.

Je, baada ya 1969 mambo yalikwendaje? Mwaka huo huo George Kell wa Canada aliandika juu ya jambo hilo hilo bila kujua habari ya Mpemba, akalihusisha na maji yanayopotea kwa mvuke. Wasomi wakakumbuka kwamba Aristotle wa Uyunani aliligusa zamani sana, na Francis Bacon wa Uingereza na René Descartes wa Ufaransa waliligusa katika karne ya 17. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu, na majibu yaliyopokewa yalizidi 22,000. Wingi huo wenyewe ni hukumu: swali lenye majibu elfu ishirini na mbili halijapata jibu.

Kisha likaja jambo linalotujaribu sisi tunaolipenda jina la Mpemba. Mwaka 2016 wataalamu wawili huko Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Scientific Reports. Walifanya majaribio yao kwa uangalifu, wakayakusanya na ya wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha hata kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu, juu au chini, kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Kweli, wao walipima muda wa kufika nyuzi 0, wala si muda wa kuganda. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba hawakulijibu swali lenyewe. Hata hivyo hoja yao ni nzito, na haifai kuipuuza.

Upande mwingine, wataalamu wengine wamelichukua wazo la Mpemba wakalitoa katika maji. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba zipo hali ambazo kitu chenye joto zaidi kinaweza kupoa upesi kuliko chenye joto dogo, kwa kupita njia fupi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Canada, walilionyesha jambo hilo kwa jaribio: walitumia ushanga mdogo usioonekana kwa macho matupu, ulioelea majini na kusukumwa kwa nguvu ya mwanga, nao walilirudia mara nyingi mno hata bahati isiweze kusingiziwa. Basi leo jina la Mpemba limekuwa jina la jambo pana kuliko barafu. Katika maji, mabishano yanaendelea. Katika hesabu na katika ushanga ule, jambo limethibitika.

Mpemba mwenyewe hakuwa profesa wa fizikia. Makala ilipotoka alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika kuhifadhi wanyama. Osborne naye aliacha kufundisha, na baadaye alikuwa balozi wa Uingereza nchini Malawi. Wapo wanaosikitika kwamba fizikia ilimpoteza Mpemba. Masikitiko hayo yana haki yake: mtoto anayeuliza swali kama lile alistahili kusikilizwa mapema zaidi, na hatujui ni wangapi walionyamazishwa katika darasa la kwanza la fizikia wakanyamaza moja kwa moja. Lakini tusimgeuze kuwa mtu wa kuhurumiwa. Aliitumikia nchi yake katika kazi yenye maana, na kurasa zake chache zimeendelea kuzaa kazi za watu wengine kwa zaidi ya miaka hamsini. Maprofesa wengi wenye orodha ndefu za vitabu hawakupata uzao huo.

Sasa nifikie neno ambalo insha hii imekusudia kulisema. Kisa cha Mpemba aghalabu husimuliwa kama hadithi ya kijana mwerevu aliyewashinda walimu wajinga. Nasema masimulizi hayo yanaipotosha makala. Walimu wale hawakukosea kwa kuwa walitia shaka. Shaka yao ilikuwa na msingi, na hata leo wataalamu wakubwa wanayo. Walikosea kwa kuwa walikoma katika shaka. Walikana bila kupima, kisha wakafunika ukanusho wao kwa kicheko. Osborne alikuwa na shaka ile ile. Tofauti yake ni kwamba shaka ilimpeleka kwenye jokofu.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi zamu yetu sisi ni ipi? Sisi wa Afrika ya Mashariki tunasikia fahari kuona jina la ndugu yetu katika vitabu vya wageni. Fahari ni njema. Lakini tukiambiwa na Burridge na Linden kwamba hawakuona jambo hilo, nasi tukakasirika, tukasema wanatuonea wivu, tusiguse hata kipimajoto, tutakuwa tumelifanya kosa la mwalimu aliyecheka. Yeye alikana bila kupima. Sisi tutakuwa tumekubali bila kupima. Pande zote mbili ni mtu aliyekwisha kuamua. Anayemheshimu Mpemba kwa kweli ni yule anayemtendea kama alivyotaka kutendewa: asimkubalie kwa mapenzi, asimkatalie kwa dharau, ampime.

Mwanafunzi wa Mashimoni, huenda utasema kwamba maneno haya ni ya watu wenye maabara. Fikiri tena. Mahali unapoishi yupo mtu mwenye jokofu anayeuza barafu au vinywaji baridi. Yeye ni kama yule mwuza aiskrimu wa Tanga: anajua mambo kwa mikono ambayo hayajaandikwa. Mwulize kwa adabu, naye huenda akakupa nafasi ndogo ya vikombe viwili. Chemsha maji yote, ili tofauti iwe moja tu. Acha nusu yapoe na nusu yabaki na joto, lakini yasiwe ya kukuunguza wala ya kupasua chombo. Tumia vikombe vya namna moja na kiasi kimoja. Viweke juu ya kipande cha ubao, na siku ya pili uvibadilishane mahali. Amua kabla ya kuanza kama unapima barafu inapoanza au kikombe kinapoganda chote, kwa maana umeona jinsi neno moja linavyoweza kuwagombanisha wenye elimu. Andika saa. Umeme ukikatika, andika kwamba umekatika. Rudia mara kumi, na usiifute mara moja iliyokataa kufanana na nyingine tisa, maana huenda ndiyo yenye neno la kukuambia.

Matokeo yakifanana na ya Osborne, vyema. Yakifanana na ya Burridge na Linden, vyema vile vile. Darasani nenda na daftari lako, usiende na ushindi. Na mwenzako akiuliza swali linalowachekesha wengine, usiwe wa kwanza kucheka. Mwulize kama Osborne alivyouliza: umelijaribu? Akisema ndiyo, nawe hujui jibu, sema kwamba hujui, kisha mtafute vikombe viwili. Kuuliza si ujinga, na kukiri kutojua si aibu. Aibu ni kulijua jibu kabla ya kulitazama jambo.